Unga Usioguswa na Mkono

Wasomaji wangu, kwanza nawashukuru mlionitumia ujumbe wiki iliyopita. Wewe wa Kakonko uliyeniita mwizi, ujumbe wako umefika. Na wewe mama wa Buhigwe uliyesema unaniombea, endelea kuomba, mama, usichoke. Niliyowaeleza wiki iliyopita yalikuwa ya kupasha moto tu.

Kwa aliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungia maandazi, nitamsogezea kidogo.

Mimi ni Nurudini, mwenye duka hapa Kasulu mjini. Babu yangu alitoka Pangani na biashara yake ya chumvi, akafika huku milimani, akapaona baridi, akakaa. Miezi miwili iliyopita nilikwenda Kibondo kwenye semina ya wajasiriamali. Tulipewa fulana, kalamu na soda, na mkufunzi aliyevaa viatu vilivyochongoka mpaka nikavihurumia vidole vyake. Alituambia hivi: "Nyakati zikiyumba, wewe usiyumbe. Andika lengo, libandike ukutani, usiangalie kulia wala kushoto."

Nyakati zilikuwa zimeyumba kweli. Nusu ya wateja wangu wanaishi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, na huko kila wiki inazaliwa na uvumi wake. Mara Warundi wanarudi kwao. Mara Wakongo nao watafuata. Mara mashirika yanapunguza watu, mara hayapunguzi. Wenzangu sokoni wakapunguza mizigo, wakakaa kusubiri waone. Watu wasio na semina hao. Mimi nikanunua karatasi ya manila, nikaandika kwa wino mwekundu: PAKITI ELFU MBILI ZA UNGA WA MUHOGO KAMBINI KABLA YA MVUA. Nikaibandika juu ya mzani.

Muhogo wa kutosha lengo hilo sikuwa nao. Mama mkwe alikuwa nao.

Mama Esteri, mama mzazi wa mke wangu Zena, ana shamba Heru Juu ambalo halivunwi. Waha ndivyo wanavyofanya. Muhogo unaachwa ardhini mwaka wa pili, wa tatu, unakaa kule chini kama akiba, ukingoja mwaka ambao mahindi yatagoma. Ukipungukiwa, unachimba mashina mawili, unaacha mengine. Siku namuoa Zena aliniambia neno moja: "Vyangu vyote gusa. Akiba ya mama usiiguse. Siku ukiigusa, mimi na wewe tumemalizana." Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mtu wa duka, muhogo wa watu nitaufanyia nini.

Basi mama mkwe akaenda Kibondo kumwangalia binti yake mdogo, Winnie, aliyekuwa anajifungua. Mimi nikachukua vibarua sita, tukachimba shamba zima. Zena nikamwambia muhogo nimeununua Kibondo. Vibarua wakaniambia muhogo huu unalowekwa siku nne, ikibidi tano. Nikawauliza kama na wao walikuwepo semina. Wakaendelea kumenya. Siku ya pili nikautoa majini, nikauanika, nikausaga.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa nisikilizeni jinsi biashara ilivyonawiri.

Jumanne asubuhi pikapu ilipakia pakiti mia tatu za kwanza. Laiti mngeziona pakiti zile. Plastiki nzito, zipu juu, na picha yangu mbele nikiwa nimevaa tai ya kuazima. Chini ya picha: UNGA WA NURU. HAUJAGUSWA NA MKONO. Maneno hayo niliyatunga mwenyewe. Vibarua sita walioumenya muhogo ule na kuugeuza juani wiki nzima, naona sikuwahesabu kuwa wana mikono.

Zena alisimama mlangoni na ungo wa maharage. Yeye huuza unga wa bakuli, wa wazi, na kila mteja anapata nyongeza ya kiganja. Biashara ya kizamani.

"Baba Shamsi," akaniita kwa jina la mwanetu, "wanunuzi watauonjaje?"

"Hauonjwi. Umefungwa."

"Unga wa muhogo?"

"Ndiyo."

"Na mtu atanunua unga wa muhogo bila kuuonja?"

"Ungekuja semina usingeuliza hilo swali."

"Kweli," akasema, akaendelea kupepeta maharage yake.

Kambini mshirika wangu ni Wilondja, Mkongo wa Fizi. Ana meza yake kwenye soko la kule, na kwa miaka sita tumefanya kazi bila kugombana hata siku moja. Alichukua pakiti, akaigeuza mbele na nyuma, akanitazama.

"Papa Nuru, iyi kitu iko muzuri sana. Iko kama dawa ya hospitali."

"Huo ndio ubora."

"Bon. Lakini unga haiko dawa."

Mteja wa kwanza alikuwa mama Jeanne, Mkongo pia, anayepika fufu la kuuza pale sokoni. Huyo akinunua, soko zima linanunua. Aliweka kikapu chini.

"Papa, fungua nionje."

"Mama, huu haufunguliwi. Umefungwa kitaalamu."

"Sasa nitaonja wapi?"

"Soma hapo. Haujaguswa na mkono."

"Minasoma. Mukono yangu nayo haiguse?"

Kabla sijamjibu alishatoboa pakiti kwa ukucha. Akatia kidole, akaramba, akageuka pembeni akatema.

"Papa, iko chungu. Na iko na nyuzi. Huu muhogo ulikaa mu udongo miaka mingi. Ni ya mutu alikuwa anauchunga."

Wasomaji, hebu fikirini. Mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga Heru Juu ameramba kidole kimoja tu, amelisoma shamba la mama mkwe wangu mpaka umri wake. Lakini mjasiriamali hayumbi. Nikajiambia huyu anautukana mzigo ili nimpunguzie.

"Mama, bei ni ileile."

"Mimi siulize bei," akasema. Akachukua kikapu chake akaenda. Kila meza aliyopita alisimama kidogo akasema neno.

Saa nne ikafika, saa tano ikapita. Sura zangu mia tatu zilikuwa zimepangwa mezani zikinitazama kwa tai.

Ndipo akaja mzee Manirambona.

Huyu ni Mrundi, mtu wa watu, mpole. Alikuwa ameshajiandikisha kurudi kwao na basi lao lilikuwa la Alhamisi. Alichukua pakiti, hata unga hakuutazama. Akafungua zipu, akaifunga. Akafungua tena, akaifunga.

"Maji yanaingia humu?"

"Hata tone, mzee."

"Makaratasi yangu yatakaa? Ya watoto, ya shule, ya kliniki?"

"Yatakaa."

"Ego," akakubali. "Basi nipe mfuko mtupu."

Wilondja alinirukia na kunivuta pembeni. Ndani ya pikapu kulikuwa na marobota mawili ya pakiti tupu, na yeye alikuwa ameyaona.

"Papa Nuru, tuuze sashe, mufuko mutupu! Batu banasafiri, kila mutu iko na makaratasi. Mpaka jioni zote zitakwisha."

Mtu mwenye akili zake angefungua marobota. Mimi nikaiona ile manila kichwani, wino mwekundu, PAKITI ZA UNGA. Haikuandikwa mifuko.

"Hatuuzi mifuko," nikatangaza. "Tunauza unga."

"Nitakulipa bei ya unga," akasema mzee Manirambona kwa upole. "Unga baki nao. Nipe mfuko."

Someni hapo tena, taratibu. Mteja ananipa bei kamili na ananiachia mzigo wangu. Nikakataa. Nikamhutubia. Nikamwambia lengo ni unga kumfikia mlaji, na mfanyabiashara anayeyumba kwa kila mteja hafiki popote. Akanisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Haya," akasema. "Nipe ishirini na unga wake."

Binti yake Aline akaleta beseni. Wakafungua pakiti moja baada ya nyingine, wakamwaga unga, wakakung'uta pakiti, wakazikunja vizuri. Aline akachovya kidole auonje. Baba yake akamzuia.

"Acha, mwanangu. Tumenunua mifuko, huu ni nyongeza tu. Nyongeza nayo unaionja?" Akanigeukia. "Unga utatusaidia, mkubwa. Kesho adhuhuri tunapika cha kuagana. Majirani wote watakula kwangu, na watoto wa mtaa mzima."

"Mungu awajalie safari njema," nikajibu, nimejaa roho nzuri.

Habari ikaenea kwamba kuna mifuko isiyopitisha maji. Wakaja na mabeseni, na ndoo, mwingine na kanga. Saa tisa meza ilikuwa tupu. Pakiti mia tatu, zote na unga wake, kama lengo lilivyosema.

Wilondja alikuwa anakunja turubai. Mwishowe akasema, "Papa Nuru, mimi ningeuza sashe, ningerudisha unga nyumbani."

"Ndiyo maana wewe uko kambini," nikamwambia.

Nilisema hivyo. Kwa mtu aliyekimbia vita na watoto wawili mgongoni, aliyenitunzia mzigo miaka sita bila kupungua hata kibaba. Alimalizia kukunja turubai. Ninaliandika kwa sababu niliahidi kuandika yote, na kwa sababu nilipofika nyumbani sikulikumbuka. Nilikuwa na kazi ya kuweka alama ya vema kwenye manila.

Jumatano asubuhi Zena alinikuta nashusha marobota.

"Mama kapiga simu. Wako njiani, yeye na Winnie na mtoto."

"Si alisema mwezi ujao?"

"Mume wa Winnie amepunguzwa kazini. Shirika lao limefunga. Ameenda Mwanza kutafuta, haijulikani atapata lini. Winnie anarudi kukaa Heru Juu." Akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonimaliza. "Mama anasema tusihangaike, chakula si tatizo. Ile akiba ipo."

Robota likaniponyoka.

Niliona haya, wasomaji. Mama mzee asiyejua kusoma, hana manila wala fulana, alikuwa ameshaupangia mwaka huu tangu miaka mitatu nyuma, kwa jembe. Mimi nilikuwa nimeufunga mpango wake kwenye plastiki na kubandika sura yangu.

Lakini msidhani nilitubu. Nilianza kutafuta bodaboda ya Heru Juu. Nilipanga nichomeke ile miti ya muhogo tuliyoing'oa kwenye matuta, ili mtu akipita barabarani aone shamba. Nilikuwa bado napatana na dereva nauli mama mkwe aliposhuka kwenye gari mbele ya duka, na Winnie nyuma yake amembeba mtoto.

"Bwakeye, mkwe wangu," akasema, akipiga makofi taratibu kama wanavyosalimiana kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mpo?"

"Tupo, mama."

Akaingia dukani. Akasimama mbele ya pakiti moja iliyobaki kwenye rafu, akaichunguza sana.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona umekasirika?"

"Ni tai, mama."

"Oo," akasema, akapita kwenda uani.

Zena alikuwa jikoni. Nilimfuata, nikamwambia kwa sauti ya chini apike wali, wageni ni wageni.

"Mama hali wali, unajua. Unga wangu wa bakuli umeisha. Nitafungua huu wako, mama aone mkwe wake anafanya nini." Akaivuta zipu.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba mama Esteri ataujua muhogo wake. Nilimkumbuka mama Jeanne na kidole chake. Nikasema kimoyomoyo, huyu amesafiri tangu alfajiri, amechoka, atakula tu.

Ugali ukaja, na kisamvu, na dagaa. Tukanawa. Winnie ananyonyesha na alikuwa na njaa ya kweli, akawa wa kwanza kupeleka mkono. Mama Esteri alimpiga mkono ule kofi.

"Subiri, mwana wanje," akamwambia bintiye.

Akamega kipande kidogo. Akanusa. Akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akakaa nacho kidogo. Halafu akakitoa mdomoni na kukiweka ukingoni mwa sahani.

"Muhogo huu umelowekwa siku ngapi?"

Zena akanitazama. "Baba Shamsi?"

"Wa kununua huo, mama," nikasema. "Kibondo."

"Mimi natoka Kibondo. Sokoni pale hawauzi muhogo mchungu, wanauogopa. Nimekuuliza siku."

"Sijui, mama. Mbili. Labda mbili."

Mama Esteri akavuta sufuria kwake, akafunika sahani ya Winnie kwa mkono wake wa kulia, na akaongea polepole, kwa Kiswahili chake cha Kiha.

"Huu ni mchungu. Siku nne majini ndiyo unatoka ubaya wake. Siku mbili, ubaya upo. Ndiyo maana tunaonja, mkwe. Si adabu mbovu. Mimi nilimzika mdogo wangu wa kiume kwa ugali wa siku mbili, mwaka wa njaa, mama alipokosa subira. Alikula mchana. Jioni hakufika."

"Ukipikwa?" nikauliza.

"Hata ukipikwa. Na watoto ndio wa kwanza." Akanitazama vizuri. "Umewauzia watu?"

Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa sita kasoro dakika tano. Adhuhuri. Nikaliona beseni la mzee Manirambona. Nikamwona Aline na kidole chake, na baba yake akimwambia aache. Nikawaona watoto wa mtaa mzima. Na hata mzee wa watu aliniomba mfuko mtupu. Aliniomba kwa bei kamili, mimi nikamlazimisha achukue na unga.

"Mia tatu," nikasema.

Zena hakupiga kelele. Aliinuka, akatoka mlangoni, nikamsikia akimpigia dereva wa pikapu aje sasa hivi, aache kila kitu. Mimi nikampigia Wilondja. Namba haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikamkumbuka jana akikunja turubai. Sikuwa na uhakika kama ni mtandao au ni mimi.

Zena akarudi. "Dereva yuko kituo cha mafuta, anakuja. Tukifika hospitali ya kule watatuuliza. Tutasema nini?"

"Wataulizia shamba," akasema mama Esteri. "Maana mashamba mengine yamechanganywa. Upande mmoja mchungu, upande mmoja mtamu. Kama ni mchungu mtupu, kila aliyekula akimbizwe hata kama hajaumwa. Kama umechanganywa, kuna pakiti salama na pakiti za kifo, na kuna njia ya kuzitofautisha. Anayejua ni mmoja tu." Akanyoosha kidole chake kuelekea simu iliyokuwa mkononi mwangu. "Mpigie mwenye shamba."

"Nani, mama?"

"Huyo uliyenunua kwake. Mpigie, umuulize alipanda nini, wapi. Gari likifika tujue."

Nikafungua majina kwenye simu. Nikajifanya natafuta. Nilikuwa na majina ya wauza mahindi, majina ya madereva, hata la mkufunzi wa viatu vilivyochongoka. Mwongo hodari angepata hata jina moja hapo. Angepiga, angeongea na hewa, angesema mwenye shamba hapokei. Niliwaza hivyo, wasomaji, dakika hiyohiyo ambayo mzee Manirambona pengine alikuwa anawanawisha watoto mikono.

"Baba Shamsi," akasema Zena. Alikuwa ameanza kuelewa. Nililiona usoni mwake, likija taratibu, na alikuwa analikataa. "Mpigie."

Nikatazama kupitia mlango wa duka. Manila ilikuwa palepale juu ya mzani, na alama yangu ya vema.

Nikabonyeza jina.

Simu ikaita. Ikaita humuhumu ndani, kwenye mkeka, kwenye fundo la kitenge alichojifunga mama mkwe kiunoni.

Winnie akamvutia mtoto kifuani. Zena akakaa chini bila kuangalia anakaa wapi. Mama Esteri akafungua fundo bila haraka, akatoa kisimu chake, akakiangalia kioo, akaniangalia mimi. Nje pikapu ikapiga honi.

Akabonyeza kitufe cha kijani, akaweka simu sikioni.

"Haloo," akasema, macho yake usoni mwangu. "Mwenye shamba ndiye mimi. Uliza."